Chini Kuna Nani

Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa mtu wa kusifu wala kulaumu kabla hajauliza swali lake. Tuliweza kuimba ubeti mzima tukaumaliza, tukabaki tumesimama tunamtazama, naye amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Halafu anauliza taratibu, "Chini kuna nani?" Alitaka kujua watu wa sauti ya nne, wale wa besi, wameimba noti gani. Akishaambiwa ndipo anafumbua macho na kusema kama tumeimba vizuri au tumeharibu. Watu wa kwetu, milimani upande wa Mhezi, walilichukua swali hilo wakalifanya utani wao. Mtu akipita njiani akasikia mke na mume wanagombana ndani, humwambia mwenzake, "Usiseme kitu kwanza. Chini kuna nani?"

Mimi niliimba sauti ya pili chini ya mkono wake tangu usichana wangu, na niliendelea kuimba baada ya kuolewa, mtoto akiwa mgongoni. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu kiasi, koti lake limetiwa viraka viwikoni na mkewe, ambaye wote tulimwita Mama Mwalimu. Asubuhi alifundisha watoto kusoma katika shule ya misheni, mchana alikwenda kwenye kahawa yake, na jioni alitukusanya kanisani. Kinanda kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichopandishwa mlimani vichwani mwa watu kabla mimi sijapata akili. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu juu yake, hata Biblia. Alisema kinanda si meza.

Lazima nieleze jambo lenyewe lililomshughulisha, la sivyo mtu huyu hataeleweka. Alitusimamisha watu wanne mbele ya wenzetu: msichana wa sauti ya kwanza ashike noti ya so, mimi nishike mi, mwanamume wa sauti ya tatu ashike do. Chini alimweka kaka yangu, Mbonea, ambaye sauti yake ilikuwa nzito na pana, ukisimama karibu naye unaisikia katika ubao wa benchi. Kwanza kaka aliimba do. Hapo wimbo ulikuwa umefika, umekaa, umevua viatu. Halafu Mwalimu alimwashiria, kaka akashuka hadi la, na sisi watatu tukaendelea kushika vilevile tulivyoshika. Papo hapo kanisa zima liliingiwa na huzuni.

"Ninyi watatu mmebadilisha kitu?" alituuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Mbona mnalia?"

Tulimgeukia kaka, naye alicheka na kutazama miguu yake.

Mafungu hayo ya sauti Mwalimu aliyapa majina. La kwanza aliliita Nyumbani. Lile linalotangulia kabla wimbo haujarudi nyumbani aliliita Mlangoni. Lingine, ambalo tulilipenda sote, aliliita Mvua Iko Same, kwa sababu lilikuwa kama mtu aliyesimama juu mlimani anaona mvua inanyesha tambarare, kule Same, na kwake hainyeshi. Lakini fungu lile la noti nne, do, mi, so pamoja na la, hakulipa jina. Ukilihesabu kuanzia do, ni Nyumbani aliyekaribisha mgeni. Ukilihesabu kuanzia la, ni msiba uliomeza furaha. Noti ni zilezile, watu ni walewale. Aliliita Yule, basi. Tukiwa katikati ya wimbo alinong'ona, "Yule kaja," na sisi tulijua.

Alikuwa amemuuliza mchungaji aliyemfundisha kinanda, Mjerumani mmoja mzee mwenye subira. Mchungaji alikuwa na kitabu, na katika kitabu hicho fungu lile lilikuwa na jina moja katika ukurasa mmoja na jina lingine mbele zaidi. Mwalimu alimuuliza lipi ni la kweli. Mchungaji alifikiri sana, akasema, "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea linatoka wapi na linakwenda wapi, na nani yuko chini."

Jibu lile hakulikubali na hakulikataa. Walibishana juu yake miaka mingi, kirafiki, barazani kwa mchungaji, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Vita ilipoanza Ulaya, serikali ya Waingereza ilikuja kuwachukua Wajerumani wote, na mchungaji akachukuliwa pamoja nao. Mwalimu alisikia akiwa shambani. Aliteremka mbio hadi mahali gari liliposimama, akakuta vumbi tu na watoto wanaolitazama. Aliporudi alituambia, "Sikumalizana naye," akaingia kanisani, na siku hiyo hatukuimba.

Sitaki mtu afikiri kwamba alikuwa na subira ile kwa kila kitu. Fungu la sauti aliweza kulisubiri mwaka mzima asilipe jina, lakini mwanadamu alimpa jina mara ya kwanza kumtia machoni. Kijana aliyekuja kunichumbia alikuwa na macho mekundu siku aliyofika kanisani. Mwalimu alikwenda kwa baba yangu akamwambia, "Huyu ni mlevi, usimpe mtoto." Kumbe kijana alikuwa amelala jikoni kwa shangazi yake, na kuni zilikuwa mbichi. Baba alikawia kutoa jibu karibu msimu mzima kwa neno lile la Mwalimu. Siku ya ndoa yangu ndiye aliyepiga kinanda. Alipomaliza alimfuata mume wangu, akamshika mkono, akamwambia, "Nilikusikiliza juu tu." Mume wangu hakuelewa, na alikaa na chuki kidogo hadi uzeeni.

Naye aliyetukataza kubadilisha hata noti moja ya wimbo, yeye mwenyewe aliwahi kubadilisha moja. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Mwalimu na mkewe walikuwa na binti, mtoto wa miaka ya kuanza kwenda kuchota maji, mcheshi, anayejua nyimbo zetu zote kwa kusikia dirishani. Alishikwa na homa wakati wa baridi, na dawa ya misheni haikumsaidia, na dawa ya bibi yake haikumsaidia. Tulikwenda kumzika nyuma ya nyumba yao, chini ya migomba, ukungu umeshuka hadi hatuonani vizuri. Mwalimu alisema kwaya iimbe, na akachagua wimbo ule wa maziko tuliouzoea. Katika mstari wa tatu wa wimbo huo, sauti zote tatu za juu zinasimama mahali pamoja, na besi inashuka hadi la. Ndipo watu hulia. Kila msiba tuliokwenda, hata wanaume waliojikaza, mstari huo uliwavunja.

Tukafika mstari wa tatu. Kaka hakushuka. Alibaki kwenye do.

Sisi wa juu tuliimba vilevile, neno kwa neno, na wimbo ulipita pale kama mtu anayepita mlangoni kwa watu bila kubisha hodi. Hakuna aliyelia. Watu walitazamana, hawakujua kimekosekana nini. Nilimtazama kaka, naye alikuwa ameng'ang'ania kutazama mbele, jasho linamtoka katika baridi ile. Nyumbani baadaye aliniambia, "Mwalimu aliniita pembeni kabla ya maziko. Aliniomba niimbe do. Alisema nikishuka ataanguka mbele za watu."

Nilidhani jambo limeishia hapo. Lakini siku ya kuanua matanga, tukiwa jikoni tunapakua makande, Mwalimu aliingia kutafuta maji, na Mama Mwalimu aliweka mwiko chini. Hakupandisha sauti.

"Ule mstari," alisema, "nilikuwa naungoja."

Mwalimu alisimama na kata mkononi.

"Tangu mtoto alipofumba macho sijatoa chozi. Nilijisemea, wakifika mstari ule nitalia. Nilikuwa naungoja, baba. Ukaniondolea."

"Mke wangu, mimi nili..."

"Najua ulifanya nini. Mimi siwezi kuimba besi, lakini nasikia."

Mwalimu aliinamia mtungi akachota. Alikunywa maji, akarudisha kata mahali pake, akatoka. Sisi wanawake tuliendelea kupakua. Sijui kama Mama Mwalimu alikuja kulia wakati mwingine akiwa peke yake. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, kila tulipoimba wimbo ule katika misiba ya wengine na besi ikashuka inavyotakiwa, Mwalimu alimtafuta mkewe kwa macho katikati ya watu, naye Mama Mwalimu alikuwa ametazama pengine.

Vita ilipozidi, Waingereza walikuja kutafuta vijana wa kwenda jeshini. Barazani kwa mfalme wetu walisimamishwa mstari, wakapimwa vifua, na Mbonea alikuwa na kifua kuliko wote. Watu wa besi waliobaki walikuwa wameshakwenda kwenye mashamba ya mkonge, wengine kwa hiari, wengine kwa kukamatwa. Baba aliposikia alikaa kwenye kigoda akawa kama aliyesahau kunyanyuka. Mwalimu ndiye aliyechukua fimbo yake na kuteremka hadi Same, kwa miguu, kwenda bomani kumwona Bwana Shauri, Mwingereza aliyesimamia wilaya.

Habari ya huko alitusimulia yeye mwenyewe, na kila mara aliisimulia vilevile. Alimkuta karani mkalimani, akaeleza kwamba amekuja kuomba aachiwe besi.

"Besi ni kitu gani?" karani aliuliza.

"Ni sauti ya chini. Ni mtu. Mnamchukua, na ndiye wa mwisho."

Karani alicheka, lakini alitafsiri. Bwana Shauri hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamwambia mkalimani amuulize kwaya ina watu wangapi juu, na wanaimba nyimbo zipi. Mwalimu alieleza. Bwana Shauri akasema kwamba yeye mwenyewe aliimba kanisani kwao alipokuwa kijana, na kwamba anajua kwaya isiyo na besi ilivyo. Alimtajia hata wimbo mmoja, akauimba kidogo pale mezani, karani ameduwaa. Halafu akasema hapana. Alisema ana idadi ya kutimiza na haiko mikononi mwake.

"Angenicheka ningekasirika," Mwalimu alituambia. "Hasira ingenirudisha nyumbani. Lakini alinielewa. Sasa ukieleweka halafu ukanyimwa, unakwenda kushtaki wapi tena?"

Alikwenda kituo cha treni, akamkuta kaka katika kundi la vijana walionyolewa vichwa. Askari alimruhusu asogee. Kaka alimwamkia, akamuuliza, "Nani atakaa chini, Mwalimu?" Naye alijibu, "Tutaona." Alituambia kwamba hakupata neno lingine, na kwamba njia nzima ya kurudi alitafuta neno ambalo angalisema, na hata alipofika juu hakuwa amelipata.

Alijaribu yote aliyoweza. Mkono wa kushoto wa kinanda uliweza kusaidia, lakini panya walikuwa wametoboa ngozi ya mifuko ya upepo, na noti za chini zilitoa pumzi tu. Alijaribu kuimba besi yeye mwenyewe, na sauti yake nyembamba haikuteremka, ilibaki inakwaruza kama mlango. Mwishowe alifanya jambo ambalo wazee wa kanisa hawakumsamehe. Alikwenda kilabuni.

Dengelua, pombe ile ya miwa, kanisa liliikataza, na yeye alikuwa wa kwanza kuikemea. Lakini wazee waliokunywa pale waliimba jioni, nyimbo za zamani za kazi ya mifereji, na chini yao palikuwa pamejaa. Mwalimu alisimama nje ya ua jioni kadhaa akisikiliza. Halafu aliingia, akaketi, hakunywa, akawaomba waje kanisani kuimba. Walikuja wachache, wananuka dengelua, wamevaa mashuka yao. Hawakujua maneno, wala hawakutaka kufundishwa noti. Mmoja, mzee asiye na meno, aliimba chini alichopenda yeye, kila mara tofauti, na mafungu yetu yakawa yanageuka chini ya miguu yetu hatujui tuko wapi. Tulikuwa tumesimama Nyumbani, mara tumeangukia kwa Yule, mara mahali ambapo hata Mwalimu hakuwahi kufika. Nilimwona anatabasamu. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akitabasamu tangu kaka aondoke.

Wazee wa kanisa waliwafukuza wale wanywaji, na Mwalimu akatengwa na meza ya Bwana hadi Pasaka. Hakujitetea. Krismasi hiyo tuliimba bila besi. Watu walitusifu, walisema hatujapata kuimba vizuri namna ile, sauti nyororo kama za malaika. Mwalimu alishukuru kila mmoja, mkono kwa mkono, kisha alikwenda nyuma ya kanisa akakaa kwenye jiwe. Nilimfuata nikamuuliza kama anaumwa. Aliniita kwa jina langu, "Nietiwe, hawakuona kwamba kuna kitu kimepungua. Miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?" Nilimletea chai, ikapoa.

Kaka alirudi vita ilipokwisha. Alirudi mzima, mikono yake, miguu yake, na blanketi la jeshi. Alikuwa amefika Burma. Aliamkia watu vizuri, alilima, alikarabati nyumba ya baba. Ila hakuimba. Tulidhani amechoka, tukamwacha apumzike. Kisha Mwalimu alianza kuja nyumbani kwetu kila Jumamosi mchana. Walikaa barazani wawili hao. Mwalimu alivumisha sauti za juu taratibu, mdomo umefumbwa, akasita mahali ambapo besi inapaswa kuingia, akangoja. Kaka alitazama migomba. Baada ya muda Mwalimu alizungumzia mvua, au bei ya kahawa, akaaga.

Siku moja kaka alimwambia, mimi nikiwa nachambua maharage karibu nao, "Mwalimu, usichoke bure. Sauti ipo. Nikiwa peke yangu shambani naisikia ipo. Lakini kule tulizika watu bila wimbo, wengi. Sasa nikifungua mdomo sijui nitakuwa naimba kwa ajili ya yupi."

"Imba kwa ajili ya wote."

"Wote ni wengi."

Mwalimu aliendelea kuja Jumamosi zilizofuata, lakini hakuvumisha tena. Alikaa tu. Mwaka uliofuata kaka alikwenda mkonge, upande wa Tanga, na huko akakaa.

Masikio ya Mwalimu yalianza kupotea muda mfupi baadaye, na yalianzia chini. Sauti za watoto na za ndege alizisikia vizuri, ngurumo hakuisikia. Vijana wapya wa besi walikuwa wamepatikana, wazuri, na yeye aliuliza "Chini kuna nani?" wakiwa wanaimba mbele yake kwa nguvu zote. Wao walidhani anawatania, wakacheka, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mama Mwalimu ndiye aliyemwambia ukweli. Alimshika mkono siku moja baada ya ibada akamwambia waziwazi, "Wanaimba, baba. Wewe ndiye husikii." Mwalimu alikabidhi ufunguo wa kanisa juma lilelile. Mama Mwalimu alipofariki, mtoto wao mkubwa wa kiume, aliyekuwa analima mpunga kule tambarare, Kihurio, alikuja kumchukua baba yake, maana baridi ya juu ilikuwa inamuua kifua.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa huko Kihurio, watu wakizungumzia uhuru kila mahali na Mwingereza akiwa bado ofisini Same. Nilikwenda kwa sababu kaka amekufa. Kifua kilimshika kule mkonge, na habari ilitufikia akiwa ameshazikwa na wenzake wa kambini. Nilifikiri Mwalimu hapaswi kuambiwa na mtu mwingine.

Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta, amekaa juu ya mkeka, amekonda, nguo safi. Mkwewe aliniambia, "Mama, zungumza kwa nguvu, hasikii kabisa." Mpunga ulikuwa umekomaa hadi karibu na ua, na wanawake na watoto walikuwa wanaamia ndege, wanapiga mabati na kupaza sauti. Niliinama nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Alinitambua kwa uso. Alifurahi sana, akanishika mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Mbonea hajambo?"

"Mwalimu, Mbonea amefariki."

"Ahsante. Nawe mpe salamu zangu."

"Amefariki, Mwalimu. Amekufa."

"Bado yuko Tanga?"

Ikanibidi nipaze sauti. Sijawahi kufanya jambo kama lile, kutangaza kifo cha ndugu yangu kama mtu anayeuza samaki. Nilisema, "Mbonea amekufa," kwa nguvu zangu zote, na mabati kule shambani yakanyamaza moja baada ya lingine. Wale wanawake hawakumjua kaka, hawakunijua mimi. Waliacha ndege wao, wakaja, wakajifunga khanga vizuri, wakanipa pole mmoja mmoja, wakaketi chini kuzunguka mkeka. Mwalimu aliwatazama wanavyoketi. Aliutazama uso wa mkwewe, halafu wangu. Mikono yake ilikuwa bado imeshika yangu.

"Ni yeye?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Aliumwa?"

Nikaanza kumweleza. Nilisema kwa sauti ya kawaida, maana nguvu za kupiga kelele zilikuwa zimekwisha: kifua kilivyoanza, hospitali ya kambini ilivyomrudisha kazini, barua ilivyochelewa, baba alivyoipokea habari. Mwalimu alikuwa ameukazia mdomo wangu macho, machozi yanamshuka, na kila niliponyamaza kuvuta pumzi alisema, "Sawa, mwanangu, sawa." Nilijua hajasikia hata neno moja. Ndege walikuwa wamerudi kwenye mpunga na hakuna aliyenyanyuka kuwafukuza. Nikaendelea kumweleza mpaka mwisho.